Mkono Uliokuwa Safi

Mkuu alikuwa akisoma habari za kitivo watu wakiwa wanakula. Si kabla ya chakula, wala si baada. Alingoja mpaka pilau lipakuliwe, watu wakae, mtu aweke tonge la kwanza mdomoni, ndipo asimame na karatasi yake, akohoe, ateme kohozi kwenye leso, alitazame lile kohozi, aikunje leso, aanze. Mara ya kwanza kumwona Marekani ilikuwa mwaka 2017, katika ukumbi wa kukodi pale Grand Prairie, Watanzania tulipokutana kusherehekea uhuru. Habari ya kwanza aliyosoma ilikuwa ya kifo cha ng'ombe. Ng'ombe wa mafunzo, yule mwenye tundu ubavuni ambamo wanafunzi huingiza mkono kujifunza tumbo linavyofanya kazi, alikuwa amekufa Jumanne, na alipopasuliwa alikutwa na mifuko ya plastiki na kamba ya nailoni. Niliweka sahani chini. Wauguzi na watu wa maofisini walidhani ni mzaha. Mimi nilimjua, na nilijua hakuwa na mzaha hata mmoja mwilini.

Niseme mapema ili nisije kuonekana mnafiki huko mbele: nilimwonea Mkuu kinyaa. Watu wakimkumbuka mwalimu huanza na heshima. Mimi naanza na kinyaa kwa sababu ndicho kilichotangulia, na mpaka leo hakijaniisha chote.

Tulimwita Mkuu kwa kuwa alikuwa mkuu wa kliniki katika kitivo cha tiba ya wanyama nilikosomea, nyumbani Tanzania. Alipostaafu, binti yake, ambaye ni muuguzi, alimleta kuishi naye Garland. Mzee mwingine angepanda mchicha nyuma ya nyumba na kuota jua. Yeye aliendelea kukiendesha kitivo kwa simu. Kila Ijumaa alituma kwenye kundi letu la WhatsApp, sisi wahitimu tuliotawanyika Texas, karatasi aliyoiita Habari za Kitivo. Ilikuwa na vichwa viwili tu, Yaliyojiri na Yajayo. Chini ya Yaliyojiri ungesoma kwamba fundi wa maabara amestaafu na ameacha darubini mbili nzima na moja mbovu. Chini ya Yajayo ungesoma kwamba Jumamosi kuna chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule, wenye mbwa waje na kamba. Kwamba wanafunzi wa mwaka wa tatu watavishwa makoti meupe. Kwamba kuna semina ya minyoo ya ini, na chai itakuwepo.

Nani angeenda kwenye semina hiyo kutoka Texas? Hakuna. Mmoja wetu alipanga maboksi kwenye ghala, mwingine aliogesha wazee, mwingine aliuza bima. Lakini Mkuu alitangaza kana kwamba sote tungevuka barabara tu tukaingia ukumbini. Binti yake aliniambia kwamba simu zilianza alfajiri, saa ambayo kule ni mchana: mlinzi wa geti, karani wa masjala, mjane wa dereva wa kitivo, wanafunzi ambao hawajawahi kumwona uso. Hakuandika jambo mpaka alisikie kwa watu wawili. Habari ya mtu mmoja, alisema, ni umbea. Akiambiwa ndama wamezaliwa pacha, alimtafuta mtu wa pili athibitishe pacha.

Mtu wa namna hiyo ungemtegemea awe nadhifu. Mkuu hakuwa nadhifu. Alinuka dawa ya kuchulia misuli na kitu kingine chini yake ambacho sikuwahi kukipata jina. Alinusa maziwa ya watu kabla ya kuyanywa. Nyumbani kwa watu, akiandaliwa maini, aliomba kisu kikali, akayakata vipande vyembamba na kuyafunua mezani kutafuta minyoo, huku akieleza mnyoo huo unavyokaa, unavyopumua na unavyotaga. Akimaliza, alisema, "Safi, kuleni," na hakuna aliyekula isipokuwa yeye. Alichokonoa meno kwa pembe ya karatasi ile ile ya habari. Alitazama watu wakipita akasema, huyu anachechemea nyuma kushoto. Mwenyeji wetu mmoja, mama mtu mzima aliyekuja na shikamoo yake na sahani ya matunda, Mkuu alimwitikia marahaba kisha akamuuliza kama leo alipata choo, na kilikuwa cha rangi gani.

Jambo moja tu la usafi alikuwa nalo, nalo lilinitia kinyaa kuliko uchafu wote. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa kama za mzee yeyote, ndefu kiasi, za manjano kidogo. Za mkono wa kushoto alizikata mpaka nyama, kila Jumapili. Mkono wa kushoto ndio alioingiza ndani ya ng'ombe maisha yake yote, na ukucha mrefu unaweza kumchana mnyama ndani. Alikuwa amestaafu, anaishi kwenye nyumba yenye zulia, na ng'ombe wa karibu yumo kwenye friji. Bado alikata. Niliziona kucha hizo siku ile Grand Prairie akinyoosha karatasi, na nikatazama pembeni, kwa sababu nilijua mwenye mkono ule aliwahi kuniona nikidanganya.

Nieleze. Mwaka wa nne tulikuwa na kitabu cha vitendo. Kila kazi uliyoifanya kwa mkono wako iliandikwa humo na kusainiwa na msimamizi. Kazi mojawapo ilikuwa kupima mimba kwa mkono, ng'ombe watano. Unaingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa ya ng'ombe mpaka karibu na bega, unapapasa kizazi kupitia ukuta wa utumbo, unasema kama ana mimba na ya miezi mingapi. Glavu kwa wakati wetu zilikuwa za kusikia tu. Ulipaka sabuni, ukaingia. Mimi nilifika kiwiko kwa ng'ombe wa kwanza, kinyesi cha moto kikashuka mpaka kwapani, nikatoa mkono, nikatapika kwenye gambuti zangu. Nilioga mara tatu siku hiyo. Aliyefuata, sikumgusa.

Faraji, mwanafunzi mwenzangu, alinipimia wote watano siku ya mtihani. Msimamizi mdogo wa siku hiyo alikuwa mbali na krashi, kile kizimba chembamba cha kumbania ng'ombe, akipokea majibu tu na kuandika jina alilotajiwa. Faraji akataja langu. Ilikuwa kawaida yetu, kubebana namna hiyo. Mimi nilikuwa nimembeba yeye kwenye kemia. Ili mambo yakamilike nilikwenda bombani, nikapandisha mkono wa overoli mpaka begani, nikajipaka sabuni, nikanawa kwa bidii. Nilipoinua macho Mkuu alikuwa amesimama upande wa pili wa bomba. Alinitazama nikinawa mkono uliokuwa safi. Akaondoka, na gambuti zake zikipiga kelele kwenye matope.

Nilihitimu. Hakuwahi kunitaja jambo lile, na nikajiambia hakuona, au ameona akasahau. Kosa langu lilikuwa hapo. Mtu anayetafuta shahidi wa pili wa ndama pacha, nilimfikiria amesahau. Jambo ambalo sikulitilia maanani ni kwamba katika Habari za Kitivo, miaka nenda rudi, kila mhitimu alitajwa: aliyeoa, aliyezaa, aliyepata kazi ya kuuza chakula cha kuku. Jina langu halikutokea hata mara moja.

Texas nilifanya kazi kwenye hospitali ya wanyama, siyo kama daktari. Nilishika mbwa wakati wa sindano, nilifua mataulo, nilisafisha vizimba, na nilimwita "daktari" kijana ambaye angeniuliza mimi kando kwamba uvimbe huu unaonaje. Nilitaka leseni. Nilitaka koti lenye jina langu, na nilikuwa nimeshapita karibu mitihani yote ya maandishi. Kilichobaki ilikuwa barua: kitivo kithibitishe kwamba vitendo vyangu vyote nilivifanya, na kwa kuwa kumbukumbu za miaka ile zilikuwa za mkono tu, aliyekuwa mkuu wa kliniki wakati huo atie saini. Bila barua hiyo jalada langu lingefungwa.

Kwa hiyo mwaka 2018 nilikwenda Garland, na sahani ya sambusa mkononi na kitabu changu cha zamani kwenye mkoba. Tuliamkiana. Mkuu alikipokea kile kitabu kwa mikono miwili, akakifungua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akitabasamu hapa na pale. Alikumbuka mbuzi aliyevunjika mguu. Alikumbuka punda. Alipofika kwenye ng'ombe watano alitoa kalamu, akaweka rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya mistari yote mitano. Kisha akala sambusa.

"Vingine vyote nitavithibitisha," alisema. "Hivi hapana."

Nilimwambia Mkuu, miaka kumi na tatu imepita. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, nina watoto, nafua mataulo ya mbwa. Aliendelea kutafuna. Makombo yalimdondokea kifuani na akayaokota moja moja kwa ncha ya kidole alicholamba kwanza.

Hapo nikamtolea lile ambalo kila mtu wa kitivo analijua na hakuna anayelisema. Kulikuwa na mtoto wa mkubwa mmoja, madarasa mawili nyuma yetu, ambaye hakuwahi kuonekana kwenye krashi hata siku moja. Alikaa mjini. Kitabu chake kilisainiwa mwanzo hadi mwisho, na saini ilikuwa ya Mkuu. Leo ni ofisa mifugo mwenye gari la serikali, na Habari za Kitivo zilikuwa zimemtangaza wiki mbili tu zilizopita akifungua josho.

"Yule ulimsaini," nikamwambia.

"Nilimsaini," alisema. "Kwa woga. Nilikuwa na watoto shuleni na nyumba ya chuo. Sasa wewe unataka nikusaini kwa huruma. Mimi sioni tofauti."

"Na bado unaandika habari zake."

"Josho limefunguliwa. Watu wawili wameniambia."

Nilitoka bila kuaga. Binti yake alinifuata mpaka kwenye gari akiniomba radhi, akasema baba ndivyo alivyo, hata yeye alimfelisha jaribio la baiolojia alilomtungia nyumbani. Barua yake kwa bodi ya leseni ilikwenda, nzuri, ndefu, ikisifu kila kitu na kueleza kwa ufasaha kwamba ng'ombe watano hawakupimwa. Bodi ilinipa miaka miwili kukamilisha.

Miaka hiyo miwili nilimchukia kwa nguvu zote. Nilijitoa kwenye kundi la WhatsApp, nikarudishwa na Faraji, nikajitoa, nikarudishwa. Faraji alikuwa Stafford, karibu na Houston, akifanya kazi ofisini kwenye kampuni ya mabomba. Nilipokwenda kumtembelea, saa nne za barabara, nilitaka tumseme Mkuu mpaka mate yatukauke. Faraji alinisikiliza. Mwishowe akaniambia kwamba Mkuu alishamuuliza yeye pia, zamani, kabla hata sijafika Garland. Faraji ndiye aliyekuwa shahidi wa pili, baada ya macho ya Mkuu mwenyewe.

"Uka-confirm?" nikamuuliza.

"Dada, ningemdanganyaje yule mzee? Aliniuliza tu, ng'ombe wa yule binti ulipima wewe? Nikasema ndiyo. Akasema asante. Hajawahi ku-mention tena."

Nilikaa pale sebuleni nikiona aibu na hasira kwa pamoja, na kusema kweli nilijionea kinyaa mimi. Si kwa uongo wenyewe. Ni kwa vile nilivyonawa. Uongo ulitosha, kunawa nilijiongezea.

Ikaja 2020. Hospitali yetu ya wanyama ilipokea mbwa kwa kamba mlangoni, wenyewe wakibaki kwenye magari. Mikusanyiko ya Grand Prairie ilikoma. Chuo nyumbani kilifungwa. Habari za Kitivo zilipungua mpaka zikawa mistari mitatu. Chini ya Yajayo palijaa neno moja. Kuvishwa makoti, imeahirishwa. Chanjo ya mbwa, imeahirishwa. Semina ya minyoo, imeahirishwa, na chai pia. Nilipata furaha mbaya kuyasoma yale. Nikasema, haya, Mkuu, sasa utasoma nini watu wakila?

Ijumaa moja Faraji alinipigia simu.

"Ume-check group? Soma Yajayo."

Nikasoma. Lilikuwapo tukio moja tu. Jumamosi ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, shamba la ng'ombe wa maziwa, na maelekezo ya njia kutoka Fort Worth. Kupima mimba kwa mkono, ng'ombe watano. Kwa idhini ya amidi wa kitivo. Mtahiniwa: mmoja. Watazamaji hawatakiwi.

"Dada, hiyo ni wewe," Faraji akasema.

Nilimpigia binti yake. Akaniambia kwamba Mkuu amekuwa akimwandikia amidi tangu mwaka jana kuomba zoezi hilo lirudiwe mbele yake, na amidi alikuwa akimpuuza mpaka chuo kilipofungwa akakosa cha kufanya, akajibu. Mwenye shamba ni mgonjwa aliyewahi kuuguzwa na binti huyo. Mkuu mwenyewe alikuwa na moyo uliochoka na mapafu mabovu, hakutakiwa kutoka nyumbani kabisa. "Nime-try kumkataza," alisema. "Ameniambia nisipom-drive ataita teksi."

Jumamosi hiyo niliwakuta wameshafika. Gari lilikuwa nje ya uzio, upande wa upepo, na Mkuu ndani yake na barakoa mbili, dirisha limefunguliwa robo. Binti yake alikaa mbali kwenye kiti cha kukunja. Nilimwamkia kwa sauti, akaitikia kwa kuinua kalamu. Magotini alikuwa na kitabu changu, kile kile; nilikuwa nimekiacha Garland siku nilipoondoka bila kuaga. Juu yake palikuwa na karatasi ya mwenye shamba yenye majibu ya kipimo cha mashine.

Glavu ndefu ilikuwapo moja. Glavu zilikuwa zimeadimika kila mahali mwaka ule, na mwenye shamba alinipa yake ya mwisho kama anayempa mtu figo. Ng'ombe wa kwanza nilimwingia nikiwa nimefumba macho. Joto lile lile, harufu ile ile. Nikateremsha barakoa, nikatapika pembeni. Nikasikia Mkuu akikohoa ndani ya gari, na nikajua ananisubiri. Nikarudi.

"Ana mimba," nikapaza sauti. "Miezi mitano."

Akaandika. Wa pili alibana, glavu ikachanika kwapani, na kinyesi kikaingia ndani yake kikateremka mpaka vidoleni. Niliivua nikaitupa. Nikajipaka sabuni kama zamani. Wa pili mtupu. Wa tatu miezi saba. Nilimgusa ndama kwato, akaivuta. Wa nne miezi mitatu. Sikutapika tena, lakini asisimulie mtu kwamba nilizoea au nilipenda. Ilikuwa chafu mwanzo hadi mwisho. Nzi walinikaa kwenye nyusi na sikuwa na mkono wa kuwafukuza.

Wa tano nilipapasa muda mrefu. Nilihisi kitu, sikuhisi kitu. Kizazi kilikuwa kama kimevimba kidogo upande mmoja, au ilikuwa tamaa yangu ya kumaliza. Mkono ulikufa ganzi. Nilijua nikisema lolote nina nusu ya bahati, na jalada langu lote lilikuwa juu ya nusu hiyo. Mwezi mmoja na nusu? Mtupu? Nikamtazama Mkuu. Barakoa mbili, macho tu, macho yale yale ya bombani.

"Sijui," nikasema.

"Sema tena, sijasikia."

"Wa tano sijui, Mkuu."

Akaandika, na kama kawaida yake akasoma kwa sauti alichoandika. "Ng'ombe wanne, sahihi. Wa tano, alisema hajui." Akapindua ukurasa, akatia saini, akapuliza wino. Nikasikia akiongeza, bila kunitazama, kwamba hata mashine ya mwenye shamba wiki ile haikuwa na uhakika na yule wa tano, ndiyo maana akamchagua.

Ningeweza kumpiga. Nilisimama pale nikinuka, nimelowa, nikimwonea kinyaa kile kile cha siku zote, yeye na mitego yake na makohozi yake, na machozi yakinitoka bila hata mkono wa kuyafuta.

Akaniita kwa kidole. Nilisogea mpaka hatua chache kutoka dirishani.

"Nioneshe mkono."

Nikaunyoosha. Aliutazama kuanzia kucha, ambazo nilikuwa nimezikata mpaka nyama usiku uliopita, akapanda nao polepole, kiganja, kiwiko, mpaka begani ambako kinyesi kilikuwa kimeanza kukauka. Aliutazama kwa muda kama anayesoma.

"Haya," akasema. "Sasa kanawe."